Kinu juu ya dari yangu, pampu haina umeme: majirani wa flati nawaanzaje?

Mbena_Mjini:
Habari zenu wakuu. Nimehamia Dar kikazi kutoka Njombe, nimepanga chumba na sebule Ilala, ghorofa ya tatu. Nilikotoka, ukimpita mtu bila "kamwene" habari zinafika kwa mama yako kabla yako. Hapa nasalimia kwenye ngazi, mtu anaitikia akiwa ameshaingia ndani na kufunga grili. Hilo nimelizoea, na joto hili nani atasimama kupiga soga?

Yaliyonishinda ni mawili. Juu yangu kuna mama anatwanga kinu saa kumi na moja alfajiri, kila siku, hata Jumapili. Taa ya sebuleni inacheza. Sura yake siijui, nasikia tu watoto wakimwita Mama Swaumu. La pili ni pampu. Maji ya DAWASA yanaingia tanki la chini, pampu inayapandisha kwenye simtanki za juu ya paa, na ina LUKU yake ya kuchangia. Wapangaji wa chini hawatoi hata mia: wana bomba la uani, eti ya juu hayawahusu. Umeme ukiisha, sisi tunapanda ngazi na ndoo.

Nimpigie mwenye nyumba au nigonge mwenyewe? Nikigonga naanza na lipi?

Bi_Mkubwa_wa_Flati:
Karibu mjini, mwanangu. Mwenye nyumba muache kwanza. Ukianzia kwake, jengo zima litajua kabla ya magharibi kwamba mpangaji mpya ni mshitaki, na utalibeba jina hilo mpaka uhame.

Halafu fikiri kidogo. Kisamvu sokoni kinauzwa kimeshatwangwa. Anayetwanga alfajiri kila siku ana wateja wanamsubiri; itakuwa tangawizi ya chai au kitunguu saumu cha supu. Ukimwambia aache, umemwambia afunge biashara.

Panda saa kumi jioni, akiwa amepumzika. Na wewe umetoka Njombe huna parachichi? Agiza kwenye basi. Siku hiyo kinu usikitaje kabisa. Siku nyingine ndiyo umwombe akiweke juu ya gunia lililokunjwa na kipande cha tairi, pembeni karibu na nguzo. Katikati ya sakafu ndiko kunakovuma.

Mpenda_Sheria:
Kuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya NEMC, wale wa mazingira. Ila kumpeleka mama wa watu NEMC kwa ajili ya kinu, mimi hapana. Ikishindikana kabisa, nenda ofisi ya serikali ya mtaa.

Kuhusu pampu, usidanganywe na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008. Ile inahusu majengo ambayo kila flati ina mwenye hati yake, nao wanaunda umoja wa wamiliki. Ninyi ni wapangaji wa mtu mmoja, kwa hiyo shika mkataba. Mkiungana, mwombeni mwenye nyumba aiingize hela ya pampu kwenye kodi ya kila mtu.

Bi_Mkubwa_wa_Flati:
Haya, wakili ameamka.

Fundi_Bomba:
Dada, kabla ya kugombana fuatilia bomba. Vyoo vya chini mara nyingi navyo vinakula maji ya simtanki, yanashuka yenyewe. Siku simtanki ikikauka, kaangalie choo cha chini kama kinajaza. Kisipojaza, nao wanatumia pampu yenu bure.

Mtu_wa_Pipeline:
Salamu kutoka Nairobi. Huku Embakasi kwenye ploti za ghorofa saba, makorido ni giza hata mchana, na vita vyetu ni kamba za kuanikia nguo. Jirani wa kwanza kunijua alikuja kuuliza kama shati lake limeangukia kwangu. Mama Swaumu ashakupa sababu ya kugonga, itumie.

Mbena_Mjini:
Nimerudi. Bi Mkubwa, shikamoo! Ni tangawizi kweli, anauza chai na chapati karibu na kituo cha daladala. Parachichi amepokea, na nimeondoka na chapati za moto. Hoja ya tairi akaitoa mwenyewe, eti mpangaji aliyenitangulia alikuwa akigonga dari kwa ufagio. Sasa anatwanga usiku kabla ya kulala, asubuhi anamalizia kidogo tu.

Fundi, choo cha chini hakikujaza. Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la jengo. Wawili wameshatuma hela, wa tatu kajitoa kwenye kundi. Huyo mnamfanyaje?