Mjadala: Kipimo cha damu cha kufuatilia Parkinson kilipiwe na serikali?

Hoja: Kliniki za serikali Uganda zimpime kila mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na ukakamavu, kiwango cha nyurofilamenti nyepesi, yaani NfL, kila miezi 6, badala ya kutegemea jicho la daktari.

Nakato, maabara, Entebbe: Napinga. NfL ni kipande cha kiunzi cha neva kinachovuja neva inapoumia, na neva yoyote huvuja: kiharusi, kisukari kilichoharibu miguu, VVU. Figo zikichoka hupanda, mtu mnene hushuka, na umri wenyewe hupandisha. Kwenye Parkinson yenyewe hupanda polepole mno. Badiliko la miezi 6 litamezwa na kosa la kipimo.

Okello, Gulu: Dada, hata MDS-UPDRS, fomu ambayo daktari hutumia kutoa alama za dalili za Parkinson, ina matatizo yake. Sehemu ya III, ya mwendo, ina alama 33, kila moja 0 hadi 4, jumla isiyozidi 132. Leo umempima saa moja baada ya levodopa, dawa kuu ya Parkinson, safari ijayo baada ya saa 12 bila dawa: utalinganisha nini? Daktari akibadilika, alama nazo hubadilika. Damu haina upendeleo.

Nakato: Inategemea nani kaichota! Tyubu ya EDTA (kizuia damu kuganda) ya kifuniko cha zambarau, igeuze taratibu mara 8 hadi 10, sentrifuji 2000 g dakika 10, gawa plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, 0.5 ml kila kichupa, friza ya nyuzi −80. Ukianza na plazima usiruke kwenye seramu, majimaji ya damu iliyoachwa igande, maana seramu husoma juu zaidi. NfL ni mvumilivu, umeme ukikatika saa chache haiharibiki. Inayodeka ni alfa-sinukleini, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Parkinson: karibu yote iliyo katika damu imo ndani ya seli nyekundu, kwa hiyo plazima yenye rangi ya waridi, ishara kwamba seli hizo zimepasuka, tupa.

Mugisha, kliniki, Mbarara: Mimi naitaka mara moja tu. Mgonjwa anaanguka mapema, macho hayashuki, levodopa haimsaidii: hapo nashuku PSP; na PSP na MSA, magonjwa ya ubongo yanayofanana na Parkinson, hupandisha NfL kuliko Parkinson. Ikiwa juu sana na kreatinini, kipimo cha figo, ni nzuri, siongezi dozi ovyo. Ikiwa chini, nauliza kwanza kama anameza vidonge pamoja na maharagwe au nyama. Protini hushindana na levodopa kufyonzwa. Ameze nusu saa kabla ya chakula. Wengi "walioshindwa na dawa" shida yao ni hiyo.

Okello: Na kipimo cha mbegu za alfa-sinukleini, yaani vipande vyake vilivyojikunja vibaya, au cha DDC, kimeng'enya kinachobadili levodopa kuwa dopamini?

Nakato: Cha mbegu kimethibitishwa zaidi kwa maji ya uti wa mgongo, na jibu ni ndiyo au hapana; hakisemi ugonjwa umefika wapi. DDC hupandishwa na karbidopa na benserazidi, dawa zinazochanganywa na levodopa, kwa hiyo utafuatilia dawa, si ugonjwa.

Okello: Basi nakubali NfL ipimwe mara moja tu, pamoja na kreatinini. Lakini "juu sana" ni ngapi kwetu? Viwango vingi vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Kuweka vyetu kunahitaji angalau watu 120 wenye afya kwa kila kundi la umri.

Mugisha: Hizo ndizo pesa ninazotaka serikali itoe kwanza.