Ushauri: fundi wa karavani wa kuja nyumbani, wa pauni 90 au wa pauni 240?

Mkazi_Leicester
Wakuu habari za jioni. Niko Leicester, Uingereza. Mwaka juzi nilinunua karavani ya 2009, ile nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, ekseli moja. Kiangazi tulikuwa tunaenda nayo Skegness, ufukweni, na watoto. Tangu Septemba imepaki mbele ya nyumba na haijawahi kufanyiwa sevisi mkononi mwangu. Kuipeleka karakana siwezi, gari la kuivuta nimeliuza. Nimepata mafundi wawili wanaokuja nyumbani. Mmoja yuko kwenye Approved Workshop Scheme, orodha ya mafundi wa karavani waliothibitishwa, anataka 240. Mwingine nimempata grupu la WhatsApp, 90 tu, anasema kwa saa moja na nusu amemaliza. Nataka hasa hita ya gesi iangaliwe. Nimchukue yupi? Natanguliza shukrani.

Kisu_Butu
Ungeuza na karavani siku uliyouza gari, mkuu.

Fundi_Coventry
Sevisi ya ekseli moja ikifanywa sawasawa inakula saa tatu au zaidi. Kwenye shasi ya kampuni ya AL-KO, akifungua breki, ile nati kubwa ya kitovu cha gurudumu hairudishwi. Inatupwa, inafungwa mpya na kukazwa kwa Nm 290. Muulize huyo wa 90 anakuja na nati mpya ngapi, na kama spana yake ya kupimia mkazo inafika huko. Bado kuta: kipimo cha unyevu kikisoma chini ya 15% uko salama, kikivuka 20% pachunguzwe, kikivuka 30% mbao huenda zimeshaoza. Bado gesi: mpira una tarehe yake, regyuleta ina umri wake, presha inapimwa. Kwa saa moja na nusu atafanya lipi, aache lipi?

Mama_Noah
Mafundi wa kuja nyumbani nawajua, nipo Tegeta. Mmoja alinifungulia gia boksi ya Noah chini ya mwembe tangu asubuhi. Jioni gari likawaka, ila bolti tatu zimebaki kwenye sufuria yangu ya maharage. Namuuliza, ananiambia hizo ni za ziada. Wiki ya pili nilikuwa navutwa na bajaji pale Africana, watu wananishangaa.

Fundi_Coventry
Mleta uzi, swali. Karavani imepaki, Januari hii hakuna anayekwenda Skegness. Hita una haraka nayo ya nini?

Mkazi_Leicester
Nataka iwe tayari kwa Pasaka tu.

Fundi_Coventry
Nani analala humo?

Mkazi_Leicester
Sawa, niseme. Ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tangu Novemba. Ndani tuko sita kwa vyumba viwili, ningemweka wapi? Ananipa 60 kwa wiki, si kodi, ni mchango wa nyumba. Wiki mbili hizi anaamka kichwa kinamgonga, akiwa kazini kinaachia. Nilijua ni baridi, maana kuna matundu sakafuni upepo unapita, nimeyaziba kwa matambara na gundi ya karatasi.

Fundi_Coventry
Mtoe humo usiku huu huu. Hayo matundu yamewekwa makusudi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka sakafuni na pale ndipo pa kutokea. Na moto ukikosa hewa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Kichwa kuuma ndani na kupona ukitoka ndiyo dalili yake. Mwali wa hita ni wa bluu au wa njano? Kuna masizi?

Mkazi_Leicester
Mkuu, fundi anakuja Jumamosi, ni siku tatu tu, na advansi ya 50 nimeshampa. Humo kuna kengele ya moshi na haijawahi kulia.

Ngosi_wa_Makete
Kengele ya moshi haiisikii hiyo hewa, inatakiwa kengele yake. Ndugu yangu, kwetu Makete baridi ya Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango, wanalala. Jirani zetu wawili, mtu na mkewe, tulivunja mlango saa nne asubuhi. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri kama wamelala tu. Usingoje Jumamosi.

Ustadhi_Mpole
Unamtoza mtoto wa mama yako mdogo alale kwenye gari lililopaki? Mgeni hulazwa ndani, mwenyeji ndiye hujibana.

Fundi_Coventry
Tena huo mchango, ukipokea pesa ya malazi sheria ya Uingereza inakuhesabu mwenye nyumba. Gesi ikaguliwe kila mwaka na mtu wa Gas Safe, yaani fundi wa gesi aliyesajiliwa, na nyuma ya kadi yake paonyeshe ameruhusiwa gesi ya mtungi.

Mpelelezi_Huru
Wakuu, hii chai. Akaunti ina siku nne. Kwanza Skegness, mara Pasaka, mara mdogo mtu, sasa kichwa. Kila akibanwa anaongeza sukari. Picha iko wapi?

Kisu_Butu
Hata mimi nanusa tangawizi.

Fundi_Coventry
Rahisi tu. Toka nje na tochi, utusomee tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT kwenye tairi, ndiyo tarehe ya kutengenezwa.

Mkazi_Leicester
1714. Picha siweki, namba ya nyumba inaonekana.

Fundi_Coventry
Wiki ya 17 ya 2014. Anayetunga angetaja 2009 ili ifanane na karavani. Hizo tairi zimepita miaka 7, hazifai barabarani hata kama kashata zipo. Mdogo wako je?

Mkazi_Leicester
Wakati natoka na tochi nimegonga mlango, hakuitika mpaka mara ya tatu. Juu ya hita kabati lina weusi, sikuwahi kuuona. Mtungi nimefunga, matambara nimeyang'oa, milango yote wazi. Yuko sebuleni amejifunika koti langu, anatapika kidogo. Jamani sikujua. Yule wa Jumamosi nimemkatalia. Ile 50 hairudi?

Fundi_Coventry
Anatapika? Piga 999, namba ya dharura, sasa hivi, sema kaboni monoksaidi, wampime damu kabla hewa hiyo haijamtoka mwilini. Hiyo 50 tutaiongea kesho.