Mrejesho: Kompyuta katika ushauri wa wanafunzi

Niliuliza awali iwapo dodoso la kompyuta la mielekeo ya kazi lingemfaa mshauri wa wanafunzi bila kuchukua nafasi ya mazungumzo ya ana kwa ana. Nawashukuru mlionijibu, hasa mlionisihi nisimwachie mwanafunzi ayasome matokeo peke yake.

Nilitumia dodoso la O*NET (mfumo wa mtandaoni wa taarifa za kazi), linalotolewa bure na Idara ya Kazi ya Marekani. Toleo lake fupi lina maswali 60, na majibu hupangwa katika makundi sita ya mielekeo ya kazi, kwa kufuata nadharia ambayo mwanasaikolojia John Holland alianza kuichapisha mwaka 1959. Alama hukokotolewa papo hapo, na muda uliookolewa nimeurudisha kwenye mazungumzo, ambako ndiko nilikojifunza zaidi. Mwanafunzi mmoja aliyepata alama za juu katika kundi la kuhudumia watu alidhani ameamriwa kuwa mwalimu. Tulipozungumza kwa utulivu, akakiri kwamba alijibu kama ambavyo mzazi wake angependa. Aliporudia kwa uhuru, kundi la uchunguzi ndilo lililoongoza. Tangu hapo mimi humweleza kila mwanafunzi, kabla hajaanza, kwamba dodoso hupima mvuto wa shughuli na wala si uwezo wake.

Kuhusu siri, mlinionya ipasavyo: maelezo ya ushauri wa kibinafsi sasa yamo katika faili lenye nywila, mbali na kompyuta inayotumiwa na walimu wote.