Nimeuziwa kitabu cha Oman kimekatwa kwa wembe, ati "mtumba ni mtumba"

Wadau, mnisamehe kama nitaandika vibaya, nimetoka kugombana na mtu saa hii na jua lote hili la Mombasa.

Iko hivi, jamaa mmoja anauza vitabu vya mitumba huku mjini, wiki jana akatuma picha ya kitabu kikubwa cha Oman, jalada gumu, historia, jiografia, mila, mapicha tele. Nikamuuliza kurasa zote ziko? "Zote ndugu, kiko sawa kabisa." Haya, elfu moja mia nane nikatuma kwa simu, na mia mbili ya bodaboda juu.

Sikujinunulia mie, ni cha nyanyangu. Babake alikuja na jahazi kutoka Sur, zama zile kaskazi ikileta tende na papa na kusi ikirudisha boriti, basi mzee akabaki. Nyanya huko hajafika, yuwataka kuona tu.

Mwanzo raha wallahi. Mawaridi ya Jebel Akhdar, ngome ya Nizwa na ule mnara wake wa duara, mifereji ya falaj ambayo watu hugawana maji kwa zamu mpaka leo, ubani wa Dhofar. Nyanya na miwani yake, kidole juu ya picha, "hebu tizama dele hili la kahawa, si kama letu?"

Tukafika ukurasa wa 112, Wareno wafukuzwa Muscat 1650. Mie nshakaa vizuri najua sasa zamu yetu, Ngomeni, Fort Jesus yetu hii, inazingirwa na Waomani 1696 mpaka inaanguka 1698, halafu ukoo wa Mazrui kutawala Mombasa, halafu Sayyid Said, sultani wa Oman, anaichukua Mombasa 1837, Unguja, karafuu. Nafungua, ukurasa 129. MAFUTA. Meli yapakia mafuta 1967!! Miaka mia tatu imerukwa kama mtaro.

Nikapitisha kidole kwenye mshono, vipande vinane vya karatasi vimesimama, vimenyooka twaa. Ati panya, ndivyo alivyoniambia kwa simu. Panya gani huyo ana rula?

Leo nikamwendea. Hanirudishii pesa, habadilishi, na maneno ya shombo juu. Sasa nageuka niondoke, ukutani nyuma yangu kuna picha ya Ngomeni na majahazi, kwenye fremu, mia sita. Pembeni chini, upande wa kulia, fundi wa fremu hakufunika vizuri: 117. Nikamuonyesha. Unajua kanijibu nini? "Chukua kwa mia tano, kwa kuwa ni wewe."

Mia tano. Ya karatasi yangu.

Zilizobaki kasema zishauzwa. Kwa hivyo wewe uliyenunua picha ya zamani ya Pwani mtaani hivi karibuni, itoe kwenye fremu uangalie mgongoni. Ukikuta maandishi, hiyo ni ya nyanyangu, tafadhali nipigie picha pande zote mbili.