Yule mtangazaji wa chemsha bongo jana katuvua nguo Kigoma nzima!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Ni yule yule mnayemjua, wa suti ya kubana na kicheko cha bawaba yenye kutu. Jana kamkalisha binti wa huku kwetu mwisho wa reli. Swali: ziwa gani lina kina kirefu kuliko yote Afrika? Binti hata hakungoja machaguo: Tanganyika. Jamaa akacheka. AKACHEKA! "Hapana dada, ni Viktoria."

Viktoria! Lile ambalo panapozama zaidi ni kama mita 80! La kwetu ni mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu. Panga Viktoria kumi na saba, moja juu ya jingine, bado hujafika juu.

Nilikuwa kibanda umiza hapa Mwanga. Banda zima kimya kama msibani. Mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi, aliyezeekea kwenye karabai, akavaa kofia akatoka bila kuaga mtu.

Angekosea tu tungemsamehe. Lakini akaigeukia kamera: "Na anatoka Kigoma kabisa!" Anamcheka mtoto aliyeogeshwa kwa maji ya ziwa lile! Binti akamwambia kwa adabu, "Kaka, nina uhakika." Jamaa akajibu: "Kadi haikosei."

KADI HAIKOSEI! Nimelala nalo, nimeamka nalo. Kadi hiyo imeshushwa na malaika? Marekani kwenye Jeopardy! wapo waamuzi wanaokagua majibu mchezo ukiendelea. Wakibaini kosa, mshiriki anarudishiwa alama zake mbele ya watu wote. Huyu wetu kamrudishia binti mkoba wake.

Aombe radhi hewani. Kadi haikosei!

Mgebuka_Mkavu: Mkuu, mimi nilirusha ndala ikapiga king'amuzi. Sasa hata pa kumtukania sina.

Kijana_wa_Gungu: Mleta uzi punguza povu. Ulituma maombi ya kushiriki ukakosa, sema ukweli.

Mleta uzi: Sijawahi kutuma! Nalitetea ziwa!

Mnyamwezi_wa_Isevya: Ziwa tu mnalia hivi? Wiki ile kasema Mirambo alikuwa Mhehe! Mtemi wetu wa Urambo kasafirishwa hadi Iringa kama kifurushi cha basi. Tabora tumenyamaza.

Mgebuka_Mkavu: Fungua uzi wako, huu una wenyewe.

Mama_Mawese: Mkiwa mnabishana, nani anajua kwa nini sado ya dagaa imepanda hivi?

Mnyamwezi_wa_Isevya: Afadhali yako. Hawa wanaotufikia Tabora nusu dagaa, nusu mchanga.

Mgebuka_Mkavu: Mchanga?! Dagaa wa Kigoma hawana mchanga! Mmeuziwa wa Viktoria hao!

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. KADI HAIKOSEI!

Mama_Mawese: Kibirizi leo sado wanauza bei gani?