Mama anasahau majina, ila dagaa hawampiti

Binti wa Kirumba: Wadau, shikamooni. Mama ana miaka 67, anauza dagaa soko la Mwaloni, Mwanza. Siku hizi hutaja majina ya dada zangu wote kabla hajafika langu, na simu ya kutuma pesa anaibonyeza polepole mno. Lakini juzi alichota dagaa kiganjani, akawasugua, akanusa: "Hawa walinyeshewa." Aliyekuwa akimuuzia akakiri. Je, akili inapungua? Naogopa kweli.

Mwalimu mstaafu, Nyegezi: Marahaba, mwanangu. Mwanasaikolojia Raymond Cattell alitenga akili mbili: ya kutatua jambo jipya, na ya maarifa yaliyokusanywa. Ya kwanza hushuka mapema. Ya pili, msamiati ukiwemo, huweza kukua hata baada ya miaka 60. Kile kiganja cha mama ndiyo hiyo ya pili. Usimharakishe kwenye simu.

Muuguzi, Sengerema: Jina likichelewa kisha likaja, ni kawaida ya umri. Akipotea njia aliyoizoea, au chenji ikimshinda, mpeleke hospitali upesi. Presha na masikio yapimwe hata sasa. Asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu.

Binti wa Kirumba: Chenji hakosei hata shilingi. Masikio... kweli, redio anaifungulia sauti ya juu sana. Jumatatu tunaenda. Asanteni sana.