Mjadala: Mtafiti akiacha cherehani, akabakisha ubakaji tu

Mwaka jana nilimtafsiria mtafiti wa chuo kimoja mahojiano ya mama wa Kivu Kusini, Kongo. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.) Mimi ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, Kiswahili cha kwao kilinisumbua mwanzo, halafu sikio likazoea. Mama alizungumza saa moja na nusu. Kubakwa kwake kulichukua dakika kama nane. Zilizobaki alieleza cherehani aliyoinunua kwa mkopo, na shemeji zake waliomfukuza kwenye shamba la mihogo wakisema ametiwa najisi na askari. Kila akifika kwenye cherehani, sauti inachangamka.

Ripoti ikatoka. Dakika nane zimejaza kurasa, cherehani haimo, shamba halimo. Yeye ni "mwathiriwa" na nambari.

Nasema ni makosa, tena makosa ya kielimu. Shamba limepotea kwa sababu ya ubakaji ule ule. Ukilitoa, hujaeleza vita vimemfanya nini. Mwaka 2010 mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Margot Wallström, aliiita Kongo mji mkuu wa ubakaji duniani. Alitaka dunia ishtuke, najua. Lakini wanawake wa Bukavu, huko huko Kivu Kusini, ndio wanaoishi na jina hilo. Mwaonaje?

Wakili wa mtaa wa Tudor, Mombasa: Dada, usiisahau Arusha, kwenye mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kesi ya Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda, ilianza bila shtaka la ubakaji. Wanawake wa Taba waliposimama wakasema waziwazi, hati ya mashtaka ikabadilishwa mwaka 1997, na Septemba 2, 1998 mahakama ya kimataifa ikaamua kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Ukipunguza makali ya ushahidi, wabakaji watashukuru.

Kibokoni: Sijasema yapunguzwe, kaka. Shahidi wa Arusha alijua anakwenda kusema nini, na dhidi ya nani. Huyu mama aliambiwa, "Tueleze maisha yako," naye akayaeleza. Ninachodai ni kwamba kabla ya kuchapisha, mtafiti arudi na maandishi yakiwa kwa Kiswahili, amsomee, mama aseme hapa toa, hapa ongeza. Mwisho wa rekodi alimwuliza, "Na miye nitaisoma?" Nimeirudia sehemu ile mara nyingi. Hakujibiwa, kinachosikika ni kiti kikivutwa.